Kuku Ndiye Hahusiani

Uru, Jumanne 12 Machi 1996

Na bado sijatia sahihi. Mwalimu anataka nikubali kwa maandishi kwamba binti yangu Theresia arudie darasa la tano, kwa kuwa jaribio la akili limemshinda.

Leo nimekwenda kuliona. Swali la kwanza: kipi hakihusiani na vingine, ng'ombe, mbuzi, mgomba au kuku? Theresia kaandika kuku.

"Jibu ni mgomba, mzee," mwalimu akaniambia kwa upole. "Hao wengine ni mifugo."

Theresia akaulizwa sababu. "Ng'ombe na mbuzi wanakula mgomba, na samadi yao inarudi mgombani. Kuku anachakura tu, mwalimu."

Nikajifanya nasoma swali la pili, maana mimi pia nilikuwa nimechagua kuku.

Nimerudi kwenye kile kitabu cha saikolojia nilichokipata mitumbani Moshi. Mtaalamu mmoja anasema akili ni moja, ndiyo inayoendesha kila kitu. Wa pili anasema ziko nyingi. Wa tatu anasema akili ni kile kinachopimwa na jaribio la akili; huyo nadhani aliandika haraka, chakula chake kilikuwa kinapoa. Nilidhani wameshakubaliana, ndiyo maana wanatupimia watoto.

Mke wangu nimemsomea swali akiwa anawakatakatia ng'ombe mgomba.

"Kuku," akasema bila kugeuka. "Baba Tere, umesoma kitabu chote hicho na hili hulijui?"

Karatasi inatakiwa kesho. Nikitia sahihi, nimekubali kwamba mtoto hana akili. Nikikataa na kueleza kwa nini, mwalimu atajua Theresia amemrithi nani.