Safu Tatu za Imrani

Saada upo? Nimetoka kuaibika hapa intaneti kafe mpaka masikio yanawaka.

Unamjua Imrani, yule aliyerudi juzi kutoka Dar na kozi yake ya kompyuta? Nilimwachia ile blogu yetu ya habari za Nachingwea na Ruangwa aipangilie. Akaandika kodi zake, yale maandishi ya kuiamuru kompyuta, akazipanga habari kwenye safu tatu, eti "kama gazeti". SAFU TATU!

Leo Mama Eva kaja na bintiye kutoka Chiola kuona kwenye blogu taarifa ya msiba wa mumewe. Nafungua, mzee hayupo!

Imrani anasema, "Labda mtandao." Mtandao gani, wakati habari nyingine zipo?

Eva akashusha ukurasa, akashusha, akashusha. Kumbe safu ya tatu imekosa nafasi kwenye kioo kidogo cha kompyuta yetu, imeporomoka yote mpaka chini kabisa. Baba yake yuko huko, chini ya matangazo ya ufuta.

"Dada, huku nako mmemzika?"

Saada, nilitamani ardhi ipasuke.

Nikamtoa Imrani kwenye kiti, nikafuta kodi zake zote, nikarudisha safu moja, mzee juu kabisa. Mama akaigusa picha ya mumewe pale kwenye kioo, akalia.

Na unajua huyo bwege alisema nini? Mama wa watu analia, yeye anamwambia, "Mama, kwenye kompyuta kubwa ilikuwa inapendeza."

Mama akajifuta machozi kwa khanga, akamtazama.

"Basi ungetuletea hiyo kubwa, mwanangu. Sisi tumekuja kwenye hii."