Mabao Uliyoyaachia kwa Sababu Yangu

Wekesa, ndugu yangu,

Leo asubuhi mazoezini nimekuona tena golini. Otieno ndiye kipa siku hizi, na pedi zako za miguu anazivaa yeye, lakini nilipogeuka ulikuwa wewe. Ulikuwa unasogea kando taratibu, macho kwangu, si kwa mpira. Nikaita jina lako kwa sauti. Mchezo ukasimama, vijana wakainamia magongo yao kama wanatafuta kitu.

Najua umefuata nini.

Kanuni za hoki yetu ya Ijumaa hapa Doha hazijabadilika: timu inayoshika mkia ndiyo huchagua kwanza kati ya wageni waliotoka Kenya mwaka huo. Mwaka jana sisi wa timu ya Najma tulibakiza mechi moja, na tukishindwa tunakuwa wa mwisho. Kule Industrial Area alikuwa amefika kijana mmoja, Brayo, sifa zake zimeenea kila kambi ya wafanyakazi. Mimi nahodha nikajiona mjanja. Nikakuambia, "Mzee, leo wacha ziingie. Mwaka ujao tutawanyoosha."

Ulikuwa unafunga mikanda ya pedi. Ukasema, "Mimi ni kipa, Mutua. Kazi yangu ni kuzuia." Halafu ukaingia uwanjani ukatii.

Uliachia mabao manne. La tano lilipokuja, ukalipiga teke likatoka nje, kisha ukanitazama kwa haya: "Pole cap, mguu imeenda yenyewe." Nikakufokea mbele ya watu. Wewe, uliyenipokea nilipofika Doha sijui hata basi la kampuni linasimama wapi! Jumanne iliyofuata ukaanguka getini ukiwa zamu ya ulinzi, na hukuamka tena.

Brayo tulimpata. Huyo kijana ni moto wa kuotea mbali, ungempenda. Na bado tuko karibu na mkia, Wekesa. Tukifungwa bao moja tu, wenzake hawakimbii tena. Wanaangaliana, halafu wananiangalia mimi, wakidhani huenda ni mpango. Mazoea yana taabu. Tulipata mtu mmoja, nikawaharibu kumi.

Kesho ni mechi ya mwisho. Kuna mgeni mwingine kambi ya Abu Hamour, watu wanamsifu, na tukishindwa ni wetu. Leo jioni Brayo alikuja chumbani kwangu akaniuliza bila aibu, "Cap, kesho tunacheza ama tunaachia?" Nilitaka kumzaba kofi. Lakini alijifunzia wapi kama si kwangu? Nikamwambia nitamjibu kesho.

Kuna jambo jingine, na ndilo linaloninyima usingizi. Jumapili shemeji alinipigia kutoka Bungoma. Tulisalimiana, akalia kidogo, kisha akauliza, "Mechi yake ya mwisho, alicheza vizuri?" Nikamwambia ulicheza vizuri sana, tukashinda. Akafurahi. Akasema atawaambia watoto. Nimekufanya ushindwe ukiwa hai, sasa nakudanganyia ukiwa kaburini.

Basi nakuahidi mambo mawili. Kesho tutacheza, wote, mpaka filimbi ya mwisho, na huyo mgeni wa Abu Hamour aende anakokwenda. Na kabla sijaenda uwanjani nitampigia shemeji. Nitamwambia tulishindwa, na kwamba ni mimi niliyekuagiza. Huenda asipokee simu yangu tena maishani, na nitamwelewa.

Akiniuliza kwa nini nilifanya hivyo, nitamwambia ukweli: nilikuwa nawaza mwaka ujao, na nilidhani na wewe unao.

Pumzika, Mzee. Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako,
Mutua