Ufalme wa Aksum Niliounyima Bahari

Ijumaa, mtaa wa Huruma, Nairobi. Baridi ya Julai, manyunyu tangu asubuhi, nguo za jirani zimegoma kukauka kambani.

Kesho ni siku ya wazazi shuleni. Watoto wangu wa gredi ya sita wataonyesha ukuta tuliopaka wiki nzima: jinsi ufalme wa Aksum ulivyoanza na kutanuka. Selam, ambaye haogopi watu, ndiye ataeleza.

Ndiye aliyekuwa aeleze.

Ramani niliichora mimi. Nilinakili ile ya Afrika inayoning'inia ofisini, nikafuata mpaka wa Ethiopia ya leo kwa makini, nikajaza kijani. Nikajipongeza pia. Mwalimu mzima! Ufalme wa kale nimeufungia ndani ya mpaka uliochorwa juzi.

Mchana mamake Selam alikuja kumchukua. Ni fundi wa mapazia hapa mtaani. Alifika Nairobi kutoka Eritrea, Selam akiwa mgongoni. Aliutazama ukuta muda mrefu, nami nikavimba kichwa.

"Mwalimu, bahari iko wapi?"

"Ethiopia haina bahari, Mama Selam," nikacheka. Ole wangu, nikacheka.

Alimshika mtoto mkono wakaenda, hata kwaheri hakuna. Na huyu ndiye mama wa kupiga stori langoni mpaka bawabu atikise funguo.

Ndipo nikafungua kitabu, kazi niliyopaswa kuifanya tangu Jumatatu. Aksum ilianzia nyanda za juu, ikashuka hadi bandari ya Adulis, ambako leo ni Eritrea. Pembe za ndovu zilisafirishwa kutoka hapo. Ikavuka maji ikatawala kusini mwa Arabia. Upande wa magharibi, jeshi lake lilifika hadi mji wa Meroe. Biashara ya baharini ilipoiponyoka, ikaanza kunyauka. Yaani nimefuta kile kitu hasa kilichoikuza.

Ingeishia hapo ingekuwa aibu ya kawaida. Lakini nimerudi kwa madaftari ya watoto. Selam aliandika Jumanne: "Ufalme ulifika mpaka baharini, kwa nyanya yangu."

Na mimi nikapiga alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Kubwa hivi.

Nimempigia mamake mara tatu, hashiki simu. Nikamwandikia: samahani, nilikosea, tafadhali Selam aje kesho. Chai imepoa mpaka imefanya utando. Je, akimhamisha shule? Je, akimwambia asiniamini tena? Na nitabisha kwa mdomo upi?

Saa kumi na moja unusu jibu limeingia: "Selam anauliza, bahari bado ni kosa?"

Nimelia, sifichi.

Hili silijibu kwa simu. Kesho mapema, kabla wazazi hawajafika, nitaenda kwao na daftari na kalamu ile ile nyekundu, nijisahihishe mbele yake. Kisha tukifika shuleni nimkabidhi brashi, apake bahari mwenyewe.

Rangi ya buluu nimeshanunua. Kilichobaki ni wanifungulie mlango.