Viatu Hivi Havikutoka Kitale

Amman,
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Kwako Mama,

Kwanza goti. Kabla sijasema lingine lolote, nataka kujua goti lako linaendeleaje tangu uteleze kule kisimani, na kama ile dawa ya kupaka bado iko ama umeigawia majirani tena. Baba naye, kifua kimetulia? Ng'ombe ameshazaa? Huko najua ni jua na vumbi, mnatayarisha shamba. Huku ni baridi ya kuuma masikio. Mimi niko mzima. Nimechoka, sitakuficha, mgongo unaniuma kama wakati wa palizi, lakini ninakula, ninalala kitandani, na hakuna mtu amenipiga wala kuninyima mshahara. Hayo unayosikia kwa redio yapo, lakini nyumba hii hayajaingia. Usikose usingizi.

Aliyekuletea barua ni Chebet, yule msichana wa Endebess ambaye huwa tunakutana kwa maombi. Mkataba wake umeisha, anarudi kwao. Mpe chai yenye maziwa, amenishika mkono sana huku. Ningepiga simu, lakini kila nikipiga mwanangu Nafula yuko kwa mapaja yako, sikio limebandikwa kwa simu. Haya ninayotaka kusema yanamhusu, na lazima yapite kwako kwanza. Wafula, ndugu yangu, najua wewe ndiwe unamsomea Mama sababu ya macho yake. Mtume Nafula kwa jirani kwanza. Halafu usome yote, usiruke mahali, hata pale nitakapokusema wewe.

Mama, nianze na kobe.

Nyumba hii imejaa kobe. Yusuf, huyu mtoto ninayemlea, wa miaka sita, ana begi la kobe, kikombe cha kobe, blanketi ya kobe, mswaki wa kobe. Dukani kuna biskuti za kobe, na ndani ya kila pakiti kuna kadi moja ambayo watoto wanaigombania mpaka wanatoana machozi. Ni katuni kutoka Japani. Kuna msichana anaitwa Hala, anaishi kwa nyumba iliyojengwa juu ya mgongo wa kobe mkubwa kama kilima, na wanatembea mji baada ya mji wakimtafuta mama yake. Kila mji wakifika wanawasha taa moja. Dada yake Yusuf, Salma, ambaye ana miaka kumi na miwili na anajua kila kitu, ndiye aliniambia kwamba kule Japani huyo msichana ana jina lingine kabisa. Waarabu walipoichukua katuni wakampa jina la kwao, wakamfundisha Kiarabu, wakamrefushia sketi. Mimi nilidhani ni mtoto wa hapa hapa Amman. Kumbe ni mgeni kama mimi, ila yeye alipokewa vizuri.

Kiarabu changu nilikitoa kwake, nikikunja nguo huku yeye anaongea. Siku ya kwanza nilipoenda kununua nyanya, mzee wa mboga alicheka mpaka akashika meza. "Binti, unanisomea habari?" Ati katuni inaongea Kiarabu cha vitabu, kile cha mahubiri na taarifa ya habari. Hakuna mtu anaombea nyanya hivyo. Hadi leo nikipita ananiita mtangazaji, na ananiongezea moja.

Sasa kuna mzee anayemwendesha huyo kobe. Kila jioni anachukua kikombe, anakunywa, anaanza kuimba, anayumba, kisha analala mlangoni na kiatu kimoja. Kwa Kiarabu anasema ni juisi ya komamanga. Nilicheka peke yangu. Yusuf akauliza nacheka nini.

"Hiyo juisi ina nguvu," nikamwambia.

Madam, mama yao, alinitazama juu ya miwani. "Amechoka tu," akasema.

Nikaendelea kukunja nguo. Lakini Mama, mimi nimekulia kando ya nyungu ya busaa ya shangazi. Mtu aliyekunywa juisi hatembei hivyo. Nilijua kuna mambo wametoa wakaweka mengine ili watoto wasiulize. Sikuona ubaya. Kwa nini mtoto aambiwe habari ya pombe?

Na kuhusu mama yake Hala, wanasema amesafiri. Kila mtoto akiuliza, mzee anajibu, "Amesafiri, atarudi taa ya mwisho ikiwaka." Yusuf alikuwa amechora taa zote kwa karatasi, ameibandika kwa mlango wa friji, na kila wiki anapaka moja rangi ya njano.

Wiki mbili zimepita tangu Salma aipate kwa simu yake ile katuni yenyewe, ya Kijapani, haijaguswa, na chini kuna maandishi ya Kiarabu yaliyoandikwa na vijana tu wanaoipenda. Kule kuna kipande ambacho huku kilikatwa. Ni kaburi. Mama yake Hala alikufa hata kabla katuni haijaanza. Mzee anajua. Watu wa kila mji wanajua. Hata kobe anajua. Asiyejua ni mtoto peke yake.

Salma hakutaka kusema, lakini waligombana juu ya kadi, na maneno yakamtoka. "Mama yake amekufa, mjinga wewe. Hizo taa zako ni bure."

Yusuf hakulia. Alienda kwa friji, akabandua ile karatasi, akaikunja vizuri, akaitia kwa pipa. Chakula hakugusa. Madam akamwita kwa mapaja, "Mpenzi wangu, ni katuni tu."

"Wewe ulijua?"

"Niliitazama nikiwa mdogo kama wewe. Nilikuja kujua nikiwa mkubwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha."

Akashuka kwa mapaja, akanifuata jikoni. Nilikuwa natoboa mboga ndogo za kujazwa mchele, ile kazi ya kukwangua ndani mpaka vidole vinakufa ganzi. Akasimama hapo.

"Na wewe ulijua?"

"Wallahi sikujua. Mimi nilikuwa nahesabu taa na wewe."

Akafikiri. Huyu mtoto anamjua Nafula, huwa wanapungiana mikono kwa simu. Akaniuliza, "Nafula anajua uko wapi?"

"Anajua niko Kitale."

"Kitale ni wapi?"

"Ni mji uko karibu na kwetu."

"Lakini wewe uko Amman."

"Ndiyo."

"Nani anajua?"

Nikaanza kuwahesabu kwa moyo. Wewe, Baba, Wafula, mwalimu wake, mama wa duka, kanisa lote. "Karibu wote," nikasema.

Aliniangalia vile mtu anamwangalia aliyemvunjia kikombe chake. "Basi ni Hala," akasema, akaenda zake.

Mama, niliiweka mboga chini.

Sikulaumu wewe. Mimi ndiye nilianza. Unakumbuka asubuhi ile, nilimsimamisha Nafula pale mlangoni, nikapima mguu wake kwa kamba ya katani vile ulikuwa unatupima sisi, nikaikata kwa meno, nikamwambia naenda Kitale kumnunulia viatu vya shule. Aliinua mguu mwenyewe. Akaniambia niongeze kidole kimoja akue navyo. Nikaongeza. Nikaenda bila kugeuka kwa sababu ningegeuka nisingeenda, na baba yake alikuwa ameshatuacha, na wewe ulikuwa unanisukuma kwa macho niende. Kamba hiyo ninayo, iko ndani ya Biblia yangu.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijenga juu yake. Ati Kitale kuna foleni. Ati viatu vya mguu wake vimeisha, wanangoja vingine. Ati Mama amepata kazi hapo hapo dukani. Mimi nikipiga video nakaa mbele ya ukuta mweupe asione dirisha. Kuna siku mwadhini alianza kuadhini tukiongea, akauliza ni nani huyo, nikamwambia ni msikiti wa Kitale. Uongo ulitoka laini kama uji.

Wafula, hapa ndipo nakusema. Ile video uliyonitumia na vinyuso vya kucheka, ukaandika, "Ona binti yako amekuwa kondakta." Ulidhani nitacheka. Nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyotazama kitu chochote huku. Ni siku ya soko, Nafula amesimama steji ya Naitiri, gari la Kitale limefika, watu wanashuka. Yeye hatazami sura za watu. Anatazama mifuko, kama kuna ulio na umbo la boksi la viatu. Halafu mama wa duka anamuuliza, "Bado, Nafula?" Na mtoto wangu anajibu bila kugeuka, kama mtu mzima aliyezoea, "Bado. Kuna foleni."

Mama, nimeamua. Unisamehe, wewe ni mama yangu na umemlea kuliko mimi nilivyomlea, lakini hili siulizi. Aambiwe.

Mkalishe wewe mwenyewe, usimwachie Wafula. Mwambie mama yake hayuko Kitale na hajawahi kukaa Kitale. Yuko nchi inaitwa Yordani, mtu anaenda huko kwa ndege, anapika na kuosha na kulea watoto wa watu ili yeye asome. Mwambie nilimdanganya kwa sababu niliogopa atalia, nami nitashindwa kutoka. Sema uongo ulikuwa wangu, si wa Kukhu. Sitaki akukasirikie wewe, bibi yake anayemlaza kila siku.

Utasema bado ni mdogo. Si ni huyo mdogo anaenda steji peke yake? Utasema atalia. Wacha alie. Alie hapo mbele yenu, mkimshika. Utasema miezi minane tu imebaki, tungoje iishe. Na nikirudi, akiwa mkubwa kidogo, siku moja mtoto fulani amwambie wakigombania kitu, atajua kwamba watu wote aliowaamini walikuwa wanajua. Mimi nimeona sura ya mtoto anayejua hivyo. Sitaki kuiona kwa Nafula.

Yusuf alirudi kwa katuni baada ya siku tatu. Sasa anaitazama ile ya Kijapani, Salma anamsomea maandishi. Walipofika kwa kaburi alilia sana, akanishika aproni, kisha akaomba chakula. Hiyo karatasi ya taa amechora nyingine. Siku hizi haulizi mama atarudi lini, anauliza Hala atafanya nini kesho.

Na msimwambie Nafula nitarudi karibuni. Karibuni ni neno la steji. Mvua ikianza, mkipanda, mpe mstari mmoja wa mahindi uwe wake, apande na apalilie mwenyewe. Mwambie hayo yakivunwa mimi nitakuwa nimefika. Madam ameomba niongeze mkataba. Nimemwambia hapana. Akaniambia nifikirie kwanza. Nimefikiria, na jibu ni lile lile.

Chebet pia amekuja na boksi. Ni viatu vyeusi vya shule, lakini ukitazama ndani, penye kisigino, kuna picha ndogo ya kobe. Yusuf alivichagua, ati Nafula pia awe na kobe wa kutembelea. Nilipima kwa ile kamba pale dukani, nikaongeza kwa macho, sijui kama macho yangu bado yanamjua. Huenda vikabana. Huenda vikamvuka. Lakini Mama, usimpe kabla hujamwambia. Ukimpa kwanza, ataishukuru Kitale. Kwanza ajue vilikotoka, halafu avivae.

Jumapili mkitoka kanisani nitapiga. Huku Jumapili ni siku ya shule, Yusuf hatakuwepo, nitakuwa na nusu saa. Nitakaa mbele ya dirisha, aone nyumba za mawe na vilima, na mwadhini akianza nitamwambia ni nani. Akikataa kuongea na mimi, usimlazimishe. Weka tu simu mahali ananiona.

Mwambie Baba apunguze kukaa kwa moshi. Shangazi mwambie juisi yake imefika hadi Japani, atacheka. Mwalimu wa Nafula msalimie, mwambie kuanzia sasa akiulizwa ajibu ukweli. Na yule mama wa duka la steji, mpe asante yangu kwa kumwangalia mtoto barabarani, ila aache kumuuliza "Bado?"

La mwisho. Ukishamwambia na machozi yakikauka, msimamishe pale pale mlangoni, umpime mguu upya kwa kamba ya katani. Yeye mwenyewe aseme vidole vingapi viongezwe. Hiyo kamba usinitumie. Itundike kwa msumari hapo ukutani. Nitakuja na hii ya zamani, niziweke pamoja, nijue ni kiasi gani amekua bila mimi.

Mwanao,
Nasimiyu,
niliye Amman