Kibati cha Jina Mlangoni pa Koko

Jumapili jioni, Oktoba 2017

Asubuhi jua lilichoma, mchana mawingu yakaja, na saa moja iliyopita mvua ya mawe ilipita ikaacha baridi. Siku nyingine ningekaa dirishani niiangalie. Leo nimefunga pazia.

Sijaandika kwenye blogu hii kwa wiki tatu kwa sababu nilikuwa na furaha, na nikiwa na furaha huwa siandiki. Mnaweza kukisia basi kwa nini nimerudi.

Nieleze kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza. Nina miaka kumi na sita. Tulitoka Lubumbashi nikiwa na miaka minne, kwa hiyo mji ninaoujua ni huu wa Johannesburg. Papa ni fundi wa kushona viti vya magari na makochi, na karakana yake iko Newtown. Mwaka jana mteja wake mmoja, mzee aliyekuwa anahamia Durban, alimwachia karavani ya zamani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Ilikuwa imekaa miaka mingi chini ya mti, imejaa kinyesi cha njiwa. Papa alitaka kuivunja auze bati. Mimi nilimwomba asiivunje.

Hilo ndilo jambo pekee nililowahi kumwomba Papa kwa sauti.

Alicheka, akasema, “Sawa, Faida. Hii ni yako. Lakini kazi pia ni yako.”

Basi nikafanya kazi. Kila Jumamosi kuanzia Novemba hadi Septemba, wenzangu wa shule wakienda madukani, mimi nilikuwa nyuma ya karakana nikikwangua rangi. Nilijifunza kung'oa ribiti, zile pini zinazoshikilia bati, na kuzirudisha. Nilijifunza kubonyeza ukuta kwa kidole gumba ili kujua ubao upi umeoza. Papa alinifundisha kushona matakia, nami nilishona yote manne, moja nikilifumua mara tatu. Namba ya karavani niliikuta imegongwa kwenye chuma cha mbele, chini ya kutu. Nikaenda nayo maktaba na kupekua majarida ya zamani hadi nikajua ilitengenezwa mwaka 1968.

Nikaipa jina. Nikaiita Koko, yaani bibi, kama tunavyosema nyumbani.

Ndani ya kabati la nguo nilikuta mistari ya penseli. Mtu alikuwa akipima urefu wa mtoto wake. Kila mstari una mwaka, na pembeni jina, Anna. Mistari ni sita, halafu basi. Papa alikuwa ameshafungua kopo la rangi. Nikasimama mbele ya lile kabati, akaelewa, akapaka mahali pengine.

Kuna klabu ya watu wenye karavani za zamani. Hukutana mara chache kwa mwaka, wanapiga kambi, wanafungua milango, kila mtu anaingia kwa mwenzake kuangalia na kusifu. Niliwaandikia barua pepe. Katibu wao ni mwanamke mzee ambaye kila mtu humwita Tannie Hettie, tannie ikiwa ni shangazi kwa Kiafrikana. Alinijibu kwa upole, akaniambia kuhusu desturi yao. Mgeni akija kwa mara ya kwanza, Jumapili asubuhi wakati wa kahawa husimama mbele ya wote na kusimulia karavani yake ilikotoka. Kisha Tannie Hettie hupigilia mlangoni kibati cha shaba chenye jina la karavani na jina la mtunzaji. Hawasemi “mwenyewe”, wanasema “mtunzaji”, kwa sababu karavani kama hizi zinakupitia tu, zikielekea kwa mwingine. Jina hilo halibadiliki mpaka karavani ikabidhiwe mtu mwingine.

Alituma na fomu ili kibati kichongwe mapema. Niliijaza yote: mwaka, namba, rangi, jina la Koko. Nafasi ya mtunzaji niliiacha wazi, nikampa Papa ajaze, aitume kwa mchonga vibati.

Nimekuwa nikijiuliza tangu mchana kwa nini niliiacha wazi. Jibu ni rahisi. Mtoto haandiki jina lake mwenyewe mbele ya baba yake. Nilidhani ni heshima akiniandika yeye kwa mkono wake. Nilidhani ataona raha kufanya hivyo.

Wiki tatu zilizofuata nilifanya mazoezi ya hotuba. Mimi, ambaye darasani nikiitwa kusoma mwalimu huniambia niongeze sauti mpaka anachoka. Niliandika kurasa mbili kwa Kiingereza, nikazisoma mbele ya kioo, halafu mbele ya Mama, halafu mbele ya Papa, zaidi ya mara moja. Papa alisikiliza akiwa na sindano mdomoni. Alisema, “Pole pole pale kwa Anna.”

Fomu ilikuwa imeshakwenda.

Alijua, na bado aliniambia nisome pole pole.

Tulifika kambini jana asubuhi, uwanja wa nyasi kando ya bwawa, kusini mwa jiji. Tulikuwa watatu: mimi, Papa na kaka yangu Fiston. Ana miaka kumi na tisa, namwita yaya, kama kwetu inavyopasa kumwita kaka au dada mkubwa. Alimaliza matric, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka jana na hajapata kazi. Katika hiyo miezi yote alifika kwa Koko mara mbili, na mara moja ilikuwa kuazima bisibisi. Jana alikuja kwa sababu aliambiwa kuna nyama ya kuchoma.

Lakini nisiwe mwongo. Jana ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Watu waliingia, wakainama, wakavua viatu bila kuambiwa. Mzee mmoja alipapasa mishono ya matakia, akauliza nani alishona. Niliinua tu mkono, kama darasani. Akanipa mkono kama mtu mzima. Tannie Hettie alikaa kitandani akaniuliza mambo mengi, na nilipomwonyesha mistari ya Anna aliigusa mmoja mmoja kwa kidole, kisha akasema, “Kesho uwaambie hayo, mwanangu.”

Kwa hiyo hata yeye hakujua jina lililoandikwa. Vibati huchongwa na mtu mwingine, yeye hupewa vimefungwa kwenye bahasha.

Leo saa nne walikusanyika na vikombe vyao na zile biskuti ngumu za kuchovya kwenye kahawa. Wageni tulikuwa sisi peke yetu. Tannie Hettie akasema ni wakati wa Koko. Mimi nikasimama. Nataka hilo liandikwe mahali fulani, kwamba nilisimama kabla ya kusukumwa, na karatasi zangu mkononi.

Akafungua bahasha, akavaa miwani, akasoma, “Mtunzaji wa Koko ni Fiston.”

Watu wakapiga makofi. Tannie Hettie alinitazama, akatazama kibati tena.

Papa akanivuta sketi kwa chini. “Kaa.”

Fiston alikuwa na biskuti mdomoni. Nilimwona akishtuka, kwa hiyo najua naye hakuwa amejua. Nikamtazama. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba atacheka, aseme hapana, mmekosea, ni huyu. Yaya huyu ndiye aliyenifundisha kusoma kwenye ngazi za ghorofa yetu kabla sijaanza shule.

Alimeza, akajifuta makombo, akanijia. “Lete karatasi,” alisema kwa sauti ya chini.

Nikampa. Sijui kwa nini nilimpa. Mkono ulinyooka wenyewe, kama unavyonyooka mkubwa wako akikuomba kitu.

Akasoma kurasa zangu zote mbili. Alisoma vizuri kuliko ambavyo ningesoma mimi, ana sauti. “Nilipofungua kabati nikakuta mistari.” “Nilisimama mbele yake ili isipakwe rangi.” Kila “nili” ilikuwa yangu, nayo ilitoka kinywani mwake. Alipofika kwa Anna alisoma pole pole. Mwanamke mmoja alifuta macho. Halafu wakampa kalamu atie saini kwenye kitabu cha klabu, na nikadhani, hapa, hapa atasita.

Alitia saini, na chini yake akapiga mstari.

Misumari ilikuwa minne. Tannie Hettie aliipigilia mmoja mmoja. Alipomaliza alikuja karibu yangu, akaniuliza kama kuna kitu ningependa kumwambia. Nikatikisa kichwa. Nani humsemea vibaya baba yake mbele ya wageni? Akasema, “Kitabu kiko kwangu, na namba yangu unayo,” akaenda zake.

Njiani kurudi nilikaa nyuma. Tulipoingia mjini tulisimamishwa na roboti nyekundu, yaani taa ya barabarani. Papa akaniangalia kwenye kioo.

“Faida, umekasirika.”

Niligeukia dirisha. Akarudi kwenye Kiswahili chake cha Lubumbashi.

“Weye si mutu ya kusimama mbele ya batu. Najua mutoto yangu. Nilikuokoa.”

Taa ikawa kijani, akaendesha, akaendelea kuongea akitazama mbele. “Weye uko na masomo. Yaya yako hana kitu hata kimoja. Mwanaume akiwa bila kitu anaharibika. Na weye kesho utaolewa, utaenda na jina ya batu bengine. Sasa kibati kitasema nini?”

“Eish, Papa, acha,” Fiston alisema. Halafu akanigeukia. “Sista, ni kibati tu. Kila mtu wa nyumbani anajua nani alifanya kazi.”

“Wa nyumbani ni wanne,” nilisema.

“Sasa unataka nani mwingine ajue?”

Watu wote wa pale kwenye nyasi, nilitaka kusema. Yule mzee aliyenipa mkono. Lakini nilikuwa nimeshatumia maneno yangu yote ya siku hiyo, nayo yalisomwa na mtu mwingine.

Ninachokiandika sasa ni kibaya, na nakiandika kwa sababu niliahidi kuwa mkweli hapa. Lango la karakana ni jembamba. Kuingiza karavani kinyumenyume ni kazi ya watu wawili, kwa sababu ukikata usukani kulia yenyewe inakwenda kushoto. Siku zote mimi ndiye husimama nyuma na kumwongoza Papa kwa mikono. Sihitaji sauti, ndiyo maana naipenda kazi hiyo.

Leo Papa alisimamisha gari, akanisubiri nishuke. Sikushuka.

“Faida. Lango.”

“Mtunzaji yuko hapo, Papa,” nilisema. “Mumuombe yeye.”

Sijawahi kumjibu hivyo. Nilitegemea angenipiga kofi, au angalau angenifokea. Hakufanya lolote. Aliangalia usukani. Fiston akashuka, akaenda nyuma, akaanza kupunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Niliona kwenye kioo cha pembeni kwamba kona ya nyuma inaelekea nguzo. Niliiona mapema kabisa. Nilikuwa na muda wa kusema “simama” mara tatu.

Sikusema.

Bati lilipobonyea lilitoa sauti ndogo. Kwa sekunde moja nilifurahi. Halafu nikakumbuka kwamba kona ile niliinyoosha mwenyewe mwezi wa tatu, wiki mbili, kwa nyundo ya mpira na mfuko wa mchanga. Fiston hakuumia, wala Papa. Aliyegongwa ni Koko, ambaye hakunikosea chochote.

Kwa hiyo leo nimesalitiwa na watu wawili, na mimi nimemsaliti mmoja. Nilitaka hesabu hiyo iwe tofauti.

Papa alikuja mlangoni kwangu kabla ya mvua, na chai. Aliiweka mezani juu ya kitabu cha historia, jambo ambalo anajua silipendi, akasimama. Nikasubiri. Akasema, “Bati itanyooka.” Nikasema ndiyo, Papa. Akaondoka. Nadhani aliamini tumezungumza.

Nimelia, nimenawa, na sasa nafikiri. Papa hatabadilisha. Anaamini alinifanyia wema, na mtu anayeamini hivyo humwondoi mahali alipo. Lakini kibati hakina jina la Papa. Kina jina la Fiston. Na sheria ya klabu ni kwamba jina hubadilika karavani ikikabidhiwa mtu mwingine. Kukabidhi ni saini moja kwenye kitabu cha Tannie Hettie, na leo nimeona kwamba yaya hashindwi kushika kalamu.

Kesho nikitoka shule nitamwomba. Si kwa ujumbe wa simu, si kwa kumtuma Mama. Kwa mdomo wangu, nikimtazama. Nitamwambia bati la kona nitalinyoosha mimi, kwa sababu nililiacha libonyee nikiona. Hilo nitalilipa. Halafu nitamwambia anirudishie kilicho changu.

Akikataa, nitajua nina kaka wa namna gani, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko kusimama mbele ya watu wote wa kambi.

Nimeshafanya mazoezi mara mbili mbele ya kioo. Ni sentensi moja tu. Safari hii sijaiandika kwenye karatasi.