Nusu Mzunguko wa Manivela

Muganza, 5 Februari 2019

Papa,

Jambo. Mguu unaendeleaje? Maman yuko na nguvu? Mimi mwili ni mzima, moyo hapana.

Unajua ile mashine ya kompyuta tunayochongea mihimili ya vinu vya mpunga. Kabla haijajiendesha, naisogeza kwa manivela, gurudumu dogo la mkono: mlio mmoja, mashine inasogea sehemu moja ya mia ya milimita. La zamani lilikufa, Nsabimana, fundi wetu wa umeme, akafunga jipya. Jana nusu milimita ilibaki. Nikazungusha nusu mzunguko, milio hamsini, bila kuangalia namba kwenye kioo cha mashine, kama ulivyonizoeza. Kisu kikazama kwenye mhimili, kikavunjika. Bosi, Mzee Mugabo, akasema mbele ya wote: «Mkono huu ni wa kusonga bugali.» Jumatatu ataamua kama nibaki.

Papa, ni mkono wangu?

Binti yako, Marguerite

Bukavu, 6 Februari

Mwanangu,

Salamu. Mguu umevimba, na Maman yako ananifokea kuliko daktari. Barua anakuletea Mama Eugénie, anavuka mpaka na vitenge.

Sitautetea mkono nisiouona. Weka saa ya kupimia, ile ya sindano inayoonyesha sehemu za mia za milimita, kwenye meza ya mashine. Zungusha mlio mmoja, soma. Rudia.

Papa yako, Muderhwa

Muganza, 8 Februari

Papa,

Salamu nyingi. Nimepima mara ishirini. Mlio mmoja, hatua nne! Kihesabu kilicho ndani ya gurudumu jipya kinatuma ishara nne pale la zamani lilipotuma moja. Nusu milimita yangu ilikuwa milimita mbili.

Nsabimana aliniomba: «Dada, usinitaje, nina batoto.» Nilimweleza bosi yote. Kisha nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza: namba kwenye kioo zilisema kweli, mimi sikuziangalia.

«Wewe hujui hata kujitetea,» akasema.

Sijui kwa nini nilisema. Uamuzi bado ni Jumatatu.

Marguerite wako

Bukavu, 9 Februari

Mwanangu,

U mzima? Sisi tupo.

Kutoangalia namba nilikufundisha mimi. Mashine yangu haikuwa na kioo, nikakuachia upofu wangu kama urithi. Jumatatu mchana navuka, nimwambie Mugabo mwenyewe.

Papa

Muganza, 11 Februari, asubuhi

Papa,

Shikamoo, na usivuke; Mama Eugénie anarudi sasa hivi na barua hii. Nimebaki. Nsabimana pia, amerekebisha hesabu ya gurudumu.

Bosi hakuomba msamaha. Alibeba mhimili mpya begani, akauweka mbele yangu, akaenda kunywa chai yake.

Binti yako