Mpini wa Upanga wa Kaka Shinkichi

Seki, Novemba 1998

Kwako Dada Tsuya,

Natumaini barua hii inakukuta unapumua vizuri na baridi ya Otaru haijakugandisha ulimi, maana ukifika mwisho utauhitaji ili unitukane. Mimi ni mzima, ukiacha magoti na meno, ambavyo sivihesabu tena kuwa vyangu. Mke wangu Oharu anakusalimu. Wale samaki wakavu uliotuma walifika; niliwala peke yangu.

Dada, nina hasira. Mwezi uliopita mjukuu wa askari mmoja wa Kimarekani alileta upanga kwenye ukumbi wa maonyesho hapa mjini. Babu yake aliuokota vitani kwenye kisiwa cha Luzon, akaambiwa tu kwamba mwenye upanga alitoka Seki. Niliutambua kwa mbali, kama mtu anavyolitambua kovu lake. Ni wa kaka Shinkichi. Unakumbuka sanduku tulilopewa na jeshi badala ya mifupa yake lilikuwa na kokoto moja. Basi huu upanga ndio kaka yetu mzima.

Sasa amekuja Bwana Kuramochi, mtaalamu kutoka mji mkubwa, amevaa glavu nyeupe kama bwana harusi. Akatangaza mbele ya watu kwamba upanga ni wa uongo, umeungwaungwa baada ya vita ili wauziwe wageni, na Ijumaa utarudishwa ulikotoka. Ala, akasema, ina vanishi nyekundu chini ya ile ya kahawia, na jeshi halikupaka ala rangi ya mabakuli ya supu. Mjinga yule! Kahawia ya jeshi ilikuwa imekaribia kwisha, baba, aliyeitengeneza ala hiyo kwa mikono yake, akaanza kwa nyekundu ya mabakuli, ndiyo iliyokuwepo.

Kisha akageukia mpini. Utepe umepishanishwa kinyume, akasema, na si hariri ya jeshi; ndani ya mikunjo kuna nyuzi za dhahabu. Akanitazama, akasema, “Mzee, mpini huu ulifungwa na mwendawazimu.”

Watu wakacheka. Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu tangu niachishwe ziwa, nikanyamaza. Na sababu ya kunyamaza ndiyo hii barua.

Mwendawazimu ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, natumia mkono wa kushoto baba akigeuka. Hariri yote ilihesabiwa na msimamizi wa jeshi, hata ya mwanawe mwenyewe baba hakubakiziwa. Akaufunga mpini kwa pamba, na pamba ikilowa jasho huteleza. Baba alipokwenda stesheni kuulizia treni ya kaka, nikafungua kabati, nikakata mkanda wa harusi wa mama, ule wa korongo wa dhahabu, nikauchovya kwenye chai nzito ili dhahabu isionekane, na kuufunga mpini upya. Kaka alipouona alicheka hadi akakaa chini. Akasema, “Mama ataninyonga. Lakini huko nitakuwa nimemshika mkono.” Akaniapisha nisiseme mpaka arudi.

Hakurudi. Na juma lile lile wewe ukaja nyumbani na viazi vitamu vya Gohei, yule mkulima mwenye masikio makubwa, mama akaamini umeubadilisha mkanda kwa viazi. Ulilia, ukakana, na mimi nilikaa pale nikila viazi hivyo hivyo. Ulipoolewa mama hakukusindikiza hata hadi lango. Alikufa akiamini hivyo, Dada, na mdomo wangu huu mrefu ulikuwa umefungwa.

Kipande kilichobaki nimekificha miaka yote chini ya chombo cha vanishi. Alhamisi nitakwenda nacho ukumbini, nikilaze kando ya mpini, niseme mbele ya glavu zile ni nani aliyekata na ni nani aliyesingiziwa. Wewe ilibidi uwe wa kwanza kujua. Humu ndani nimekuwekea bawa moja la korongo.

Msalimie shemeji na wajukuu. Ukija kunizaba kofi, usiandike kwanza, nitakuwa nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, mwizi,
Yasaburo